Kupanga Bei ya Ng'ambo Wakati Nauli ya Meli Haitulii

Mwongozo huu waandikwa kwa ajili ya yule mfanyabiashara mdogo wa Eastlands ambaye karakana yake iko Kariobangi Light Industries au Kamukunji, au ambaye sebule yake ya Umoja, Buruburu, Donholm au Kayole imegeuka bohari ya vyondo vya Machakos na Kitui, vinyago vya mawe ya Tabaka kule Kisii, viatu vya ngozi na mapambo ya shanga, na ambaye, baada ya kumpata mnunuzi wa Ulaya au Marekani kwa juhudi nyingi, huulizwa swali moja liwezalo kumneemesha au kumfilisi: bei yako ni ngapi mpaka mzigo utufikie? Swali hilo halina jibu jepesi, kwa kuwa gharama ya kazi ya mikono waijua hata ukiamshwa usiku wa manane, ilhali nauli ya meli huijui wewe, wala haijui wakala wako, wala aliye katika afisi ya kampuni ya meli hakubali kuitamka kwa ahadi ipitayo wiki chache. Rai yangu, ambayo nitaishikilia katika makala haya yote, ni kwamba usipoteze nguvu zako katika kubashiri nauli. Litakalokufaa ni kuamua, kabla ya kutamka bei yoyote, ni nani atakayebeba mabadiliko yake, na ahadi yako itadumu siku ngapi.

Kutotulia kwa nauli hakukuzuka jana. Tangu Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, biashara ya pwani yetu na Ulaya imeiegemea njia hiyo moja nyembamba, na kila ilipozibwa tuliumia. Vita vya Juni 1967 kati ya Israeli na jirani zake Waarabu viliufunga mfereji hadi Juni 1975, na kwa muda wa miaka minane shehena za kahawa na mkonge zilizotoka Kilindini kwenda Uingereza zikawa hazina budi kuzunguka kusini mwa Afrika. Mnamo Machi 2021 meli moja tu, Ever Given, iliuziba mfereji huo kwa siku 6. Na mwaka huo huo, kwa misukosuko iliyoletwa na Korona, fahirisi ya kampuni ya Drewry ya London, ipimayo nauli ya kontena la futi 40 katika njia kuu za dunia, ilipita dola 10,000 mwezi wa Septemba, ilhali katika mwaka 2019 haikufika dola 2,000. Kisha tarehe 19 Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen waliiteka meli Galaxy Leader katika Bahari ya Shamu, na kabla ya mwaka kwisha makampuni makubwa kama Maersk na Hapag-Lloyd yakaziamuru meli zao zipitie Rasi ya Tumaini Jema. Safari ya kutoka Mombasa kwenda Ulaya ikarefuka kwa takriban wiki mbili, na wauzaji wa avokado, ambao tunda lao huendelea kuiva hata likiwa ndani ya kontena la baridi, wakawa wa kwanza kuyaonja machungu hayo.

Aliyesimama Muthurwa jioni ya mvua, akasikia manamba akiipandisha nauli ya Kayole maradufu ilhali gari ni lile lile na njia ni ile ile, hahitaji kufundishwa kanuni ya makampuni ya meli, kwani nayo hutoza kwa kadiri ya uhaba wa nafasi kuliko kwa kadiri ya masafa. Pana, hata hivyo, jambo moja lililo upande wetu ambalo wauzaji wengi hawalitumii. Bandari ya Mombasa hupokea makontena yaliyojaa mengi kuliko yale iyatoayo yamejaa, na kwa hiyo makontena makavu mengi hurudi matupu. Na mwenye meli, maadamu safari ya kurudi ni lazima, afadhali apate nauli ndogo kuliko kubeba hewa. Muuza vyondo na vinyago ana haki ya kujadiliana kwa ujasiri kwa sababu hiyo. Muuza avokado hana bahati hiyo, kwa kuwa kontena la baridi ni kitu cha kutafutwa, nalo huadimika hasa wakati wa msimu, pale ambapo kila mtu analihitaji.

Anza basi na karatasi ya bei unayoletewa na wakala wa forodha. Macho hukimbilia jumla iliyoandikwa chini kwa wino mzito, na hapo ndipo penye hatari, kwa maana jumla hiyo ni mkusanyo wa mambo mengi yasiyobadilika kwa pamoja. Imo nauli yenyewe ya bahari. Imo nyongeza ya mafuta, ambayo mawakala huiita BAF. Zimo nyongeza za msimu na za hatari ya vita, ambazo huzuka na kutoweka. Imo gharama ya kulishughulikia kontena bandarini, gharama ya hati, na gharama ya kuutoa mzigo bandari kavu ya Embakasi mpaka Mombasa kwa reli au kwa lori. Aipelekaye shehena Ulaya atakuta fauka ya hayo tozo ya hewa ya ukaa, kwani Umoja wa Ulaya uliziingiza meli katika mpango wake wa kulipia uchafuzi tangu Januari 2024. Mwombe wakala akutengee kila kipengele mstari wake, na aandike kando ya kila kimoja kama ni thabiti au chaweza kubadilika. Kisha muulize kwa maandishi swali ambalo nimeona likiwaokoa watu wengi: bei hii ni ya siku ya kuweka nafasi, au ni ya siku ya kupakiwa melini? Kati ya siku hizo mbili zaweza kupita wiki tatu, na katika wiki tatu nyongeza mpya yaweza kutangazwa. Asiyeuliza huiona mara ya kwanza katika ankara, mzigo ukiwa tayari umeshaondoka.

Ipo pia hila ya kutahadhari nayo. Mizigo midogo isiyojaza kontena hukusanywa na makampuni maalumu kwa kazi hiyo, na miongoni mwayo yapo yanayotoza nauli nyepesi mno ya bahari, kisha yakafidia upungufu huo kwa tozo nzito katika bandari ya mwisho, ambako anayedaiwa ni mnunuzi wako. Wewe wafurahi kwa kupata nauli rahisi, naye akifika bohari ya Hamburg au Felixstowe akadaiwa fedha ambazo hakuna aliyemtajia, hatamlaumu mkusanyaji asiyemjua. Atakulaumu wewe, na oda ya pili haitakuja. Daima taka bei ya pande zote mbili, ya hapa na ya huko.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo limo mikononi mwako mwenyewe, nalo ni kipimo. Mzigo mdogo wa baharini hutozwa kwa mita ya ujazo au kwa tani, ipi iliyo kubwa. Na wa ndege hutozwa kwa uzito halisi au kwa uzito wa ujazo, unaopatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kimo cha katoni kwa sentimita, kisha kugawa kwa 6,000. Chukua utepe wa fundi cherehani, uipime katoni baada ya kuifunga, si kabla, kwa kuwa katoni iliyoshindiliwa huvimba tumbo, na mpimaji wa bohari huipima mahali ilipovimba.

Tuseme una vyondo 300, kila kimoja chenye uzito wa kilo moja, umevisimamisha 12 katika kila katoni ya sentimita 60 kwa 50 kwa 40. Utakuwa na katoni 25, zenye ujazo wa mita 3 na uzito wa kilo 300. Kwa ndege, kila katoni itahesabiwa kuwa na kilo 20 ijapokuwa mizani yasema 12, na jumla utalipia kilo 500 badala ya 300. Kwa nini? Kwa sababu umesafirisha hewa iliyomo ndani ya vyondo, na mishikio ya ngozi iliyosimama wima juu yavyo imekula nafasi ambayo haikukuingizia kitu. Sasa ilaze mishikio kwa ndani, uifunge kwa uzi laini, upange vyondo vya ukubwa mbalimbali kimoja ndani ya kingine na karatasi nyembamba baina yavyo ili rangi zisiambukizane, nawe utaweza kuingiza 20 katika katoni ile ile. Katoni zitakuwa 15, ujazo mita 1.8, na kwa ndege uzito wa ujazo utalingana sawasawa na uzito wa mizani. Kwa bahari, tukichukua kwa mfano tu kwamba mita moja yagharimu dola 200, nauli itashuka kutoka dola 600 hadi 360, yaani kutoka dola 2 kwa kila chondo hadi dola 1 na senti 20. Nauli ikipanda maradufu kabla ya kupakia, aliyefunga vibaya ataongezewa dola 2 kwa kila chondo, na aliyefunga vizuri ataongezewa dola 1 na senti 20. Ufungaji mwema, kwa hiyo, hupunguza gharama ya leo, na hupunguza pia ukubwa wa jeraha la kesho. Na kwa mtazamo wangu hakuna bima yoyote iuzwayo Nairobi iliyo rahisi kuliko hiyo.

Mawe ya Kisii ni kinyume. Katoni ya sentimita 40 kwa 30 kwa 30 iliyojazwa vinyago na kufikia kilo 25, kwa ndege italipiwa kilo zake zote 25 ilhali ujazo wake ni wa kilo 6 tu. Kwa bahari, katoni 40 kama hizo, zenye uzito wa tani nzima, zitalipiwa mita 1.44. Vitu vizito vya mawe na chuma visiahidiwe kwa ndege, isipokuwa sampuli.

Baada ya kipimo huja sharti la mauzo, na hapa ndipo dhima ya nauli inapogawanywa. Masharti yatumikayo duniani hutolewa na Baraza la Kimataifa la Biashara lenye makao Paris, ambalo liliyatangaza mara ya kwanza mwaka 1936, na toleo litumikalo ni la mwaka 2020. Ukiuza kwa sharti la CIF, wewe ndiwe mlipaji wa nauli na bima mpaka bandari ya mnunuzi, na kupanda kwa nauli ni msiba wako, ijapokuwa hatari ya kupotea kwa mzigo humhamia mnunuzi pindi unapopakiwa melini Mombasa. Ukiuza kwa FOB Mombasa, dhima yako yakoma mzigo unapokuwa melini, na nauli ya bahari ni ya mnunuzi. Wengi wetu huzungumza FOB kwa mazoea, lakini kwa mali iingiayo katika kontena sharti lifaalo zaidi ni FCA Embakasi, ambalo kwalo wewe unamaliza taratibu za forodha za kutoa mali nchini, unaikabidhi kwa msafirishaji aliyeteuliwa na mnunuzi, na kazi yako imekwisha pale pale bandari kavu, dakika chache kutoka nyumbani kwako Pipeline au Tassia, bila ya kubeba hofu ya reli, wala ya foleni ya Mombasa, wala ya meli iliyochelewa kutia nanga.

Nasema bila kuficha: muuzaji mdogo aanzie FCA. Atakayekuambia kwamba mnunuzi mkubwa hataki ila CIF amesema kweli nusu, kwa maana mnunuzi mkubwa aghalabu ana mkataba wake wa nauli ulio nafuu kuliko wako, na hupenda kuutumia. Anayeing'ang'ania CIF mara nyingi ni mwenye duka dogo, ambaye hana wakala wala uzoefu, na ataka apewe bei moja aifahamu. Huyo usimfukuze. Mpe bei mbili katika barua moja: ya mali hadi Embakasi, iliyo thabiti kwa siku 60, na ya nauli, iliyotengwa mstari wake, iliyo thabiti kwa siku zile zile tu ambazo wakala amekuahidi wewe, zikipunguzwa kidogo. Wakala akikupa siku 14, wewe mpe mnunuzi 10. Uongeze maneno haya kwa lugha aielewayo: nauli iliyomo ni dola kadhaa kwa mita ya ujazo, kama ilivyokuwa tarehe fulani; ikizidi au ikipungua siku ya kupakia kwa zaidi ya asilimia 10, tofauti italipwa na mnunuzi au atarudishiwa. Nasisitiza neno hilo la kurudishiwa. Mnunuzi akiona kwamba nauli ikishuka utamrudishia chake, atakuamini ikipanda. Na sharti linalokata upande mmoja tu halikubaliwi na mtu mwenye akili.

Kuna fitina nyingine iletwayo na sarafu. Nauli ya bahari hunukuliwa kwa dola, na shilingi yetu ina mambo yake: mnamo Januari 2024 dola moja ilipita shilingi 160, na kufikia katikati ya mwaka ule ule ilikuwa imeshuka ikikaribia 130. Nauli ile ile ya dola 600 ilikuwa shilingi 96,000 katika wakati mmoja na 78,000 katika wakati mwingine, bila ya kampuni ya meli kubadili hata senti. Aliyepanga bei yake kwa shilingi aliumia au alineemeka kwa bahati nasibu. Fungua akaunti ya dola katika benki yako, upokee malipo ya mnunuzi humo, ulipe nauli kutoka humo humo, na uyabadilishe kuwa shilingi yale tu unayohitaji kwa kuwalipa wasusi, kodi ya nyumba na karo. Na kama mnafanya biashara kwa chama, kama wafanyavyo akina mama wengi wa mitaa yetu, ndugu msomaji, wekeni kifungu cha nauli kando, na faida msiigawe mwisho wa mwezi, mpaka ankara ya mwisho ya shehena ije na ilipwe. Faida iliyogawanywa mapema huwa ngumu kuirejesha.

Majira nayo yana hukumu yake. Katika miezi ya kuelekea Krismasi nafasi za meli hugombaniwa na nyongeza za msimu hutangazwa, na kwa ndege, wiki za kabla ya tarehe 14 Februari, Siku ya Wapendanao, ni za maua, ambayo huujaza uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta kiasi cha kuusukuma mzigo wa kawaida nyuma ya foleni. Vyondo vinavyotakiwa katika maduka ya Ulaya mapema Novemba viondoke Embakasi mwishoni mwa Agosti, tukihesabu safari ndefu ya kuizunguka Rasi, na muda wa kumngoja mkusanyaji ajaze kontena lake. Wala usiifanye ndege kuwa kimbilio la daima. Tangu tarehe 25 Machi 2020 hadi 1 Agosti mwaka huo ndege za kimataifa za abiria zilisimamishwa hapa nchini, na kwa kuwa mizigo mingi husafiri chini ya viti vya abiria, nafasi zikatoweka na bei zikapaa.

Bima wengi huikwepa kwa kuiona gharama ya ziada. Lakini pana kanuni ya kale ya bahari ambayo kwayo gharama za kuiokoa meli iliyo hatarini hugawanywa baina ya mwenye meli na wenye shehena wote, hata wale ambao mali yao haikuguswa. Mwenye Ever Given alitangaza kuitumia kanuni hiyo mwezi wa Aprili 2021, na wenye mizigo ambao hawakuwa na bima wakatakiwa kuweka amana ya fedha taslimu kabla ya kukabidhiwa mali yao wenyewe. Ukiuza kwa CIF, katia bima thamani ya mali pamoja na nauli, ukiongeza asilimia 10. Ukiuza kwa FCA, mkumbushe mnunuzi afanye hivyo, maana mzigo wake ukizuiwa bandarini malipo yako ya mwisho nayo huzuiwa.

Yaliyosalia nayapitia upesi. Mkiwa wauzaji kadhaa wa mtaa mmoja, jumlisheni mizigo: ikifika kati ya mita 13 na 15, aghalabu kulikodi kontena zima la futi 20 ni nafuu kuliko kulipia kila mita kwa mkusanyaji. Uzito mnaoutangaza uwe wa mizani, kwani tangu tarehe 1 Julai 2016 hakuna kontena lipakiwalo melini bila ya uzito uliothibitishwa. Mbao za godoro la mzigo ziwe zimetibiwa kwa joto na kupigwa muhuri. Hati zikamilike mapema katika mifumo ya KRA na KenTrade, pamoja na hati ya KEPHIS iwapo mali yenu ni ya mimea, na hati ya asili ya bidhaa iwezayo kumpa mnunuzi wa Ulaya msamaha wa ushuru chini ya mkataba wa Kenya na Umoja wa Ulaya ulioanza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Msamaha huo ni silaha katika mazungumzo: mnunuzi anayelalamikia nauli mwonyeshe anachookoa katika ushuru.

Zaidi ya yote, weka daftari. Kila bei uliyopewa na kila wakala, iandike pamoja na tarehe, njia, ujazo na ankara iliyolipwa hatimaye, hata kama oda haikutimia. Mawakala wawili au watatu walioulizwa siku moja kwa mzigo mmoja watakuonyesha bei ya soko vizuri kuliko habari zote za magazetini, na mwaka ukipita utakuwa na kumbukumbu ambayo hakuna afisi itakayokupa. Na ikiwa yupo mnunuzi aliyekuandikia wiki hii akitaka bei ya kufika mlangoni kwake, iliyo thabiti hadi mwisho wa mwaka, usimjibu leo kwa kuogopa kumkosa. Pima katoni kwanza, mpigie wakala, uliza bei ni ya siku gani, kisha umwandikie bei mbili.